Kuuguza Nyumbani Si Pengo: Maswali kuhusu Wasifukazi wa Msaidizi wa Wauguzi

SWALI: Assalamu alaykum, Bi Mshauri. Mimi ni binti wa miaka 24, mkaazi wa Langoni, Lamu. Baba ni Mwamu, yaani mtu wa Amu, mji wetu wa Lamu, na mama ni mtu wa Faza. Mara tu nilipomaliza kidato cha nne, bibi yangu alipatwa na kiharusi akapooza upande wa kulia, nami nikakaa naye nyumbani kwa miaka mitatu na miezi miwili, hadi Mwenyezi Mungu alipomchukua. Waliokuja kumtazama walikuwa wakishangaa kwamba hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni. Baadaye nikasoma kozi ya miezi 6 ya usaidizi wa wauguzi, kisha nikafanya mafunzo ya kazini kwa miezi 3 katika wadi ya wanawake. Tangu nipate cheti nimepeleka maombi 11 katika zahanati na hospitali za watu binafsi, hapa Amu na Malindi, wala sijaitwa hata mara moja. Wasifukazi (CV) niliandikiwa saiba, duka la kompyuta, na nakuletea nakala yake. Nina maswali matatu. Je, niitaje ile miaka niliyomuuguza bibi, au niifiche kwa kuwa sikulipwa? Je, ni kosa kujiita "muuguzi", kama alivyoniandika kijana wa saiba? Na je, niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Binti wa Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Mola amrehemu bibi yako, na akulipe wewe kwa uliyomtendea.

Nimeusoma wasifukazi wako wote, kurasa 4, na nimeusoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimefungua karatasi ya mtu mwingine. Barua yako ni ya mtu aliyekaa na mgonjwa aliyepooza kwa zaidi ya miaka mitatu na kumlinda asipate kidonda. Wasifukazi wako ni wa mtu "mchapakazi, mwenye ari, anayeweza kufanya kazi peke yake au pamoja na wenzake". Nilipokuwa sista msimamizi wa wadi nilishirikishwa mara nyingi katika kuchambua maombi ya kazi kama hii unayoitafuta, na kuna siku nilikuta maombi saba yenye sentensi hiyo hiyo, neno kwa neno na koma kwa koma, kwa kuwa yote yalipigwa chapa katika duka moja. Hatukuyatupa kwa hasira; tulishindwa tu kumtofautisha mwombaji mmoja na mwenziwe, na aliyeitwa ni yule wa nane, ambaye aliandika kwa mkono wake mambo aliyoyafanya.

Basi swali lako la kwanza ndilo lenye uzito, na jibu langu ni kwamba miaka ile usiifiche. Ukiiacha, msomaji ataona umemaliza shule, kisha kimya cha miaka mitatu, kisha cheti cha miezi 6, naye atajaza kimya hicho kwa dhana zake mwenyewe. Zaidi ya hayo, ndani ya kimya hicho ndimo ilimo sentensi iliyo bora kuliko zote ulizoniandikia: kwamba bibi hakupata kidonda. Kila aliyewahi kusimamia wadi anajua maana yake. Mgonjwa asiyejigeuza hulalia mifupa yake, kisigino, nyonga na mfupa wa juu ya matako, na nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu hadi ikaanza kufa. Desturi ya wadi ni kumgeuza kila saa 2, yaani mara 12 kwa usiku na mchana, kumkausha kila anapolowa, na kuinyoosha shuka isiwe na mikunjo. Aliyeweza kufanya hivyo nyumbani, bila zamu ya kumpokea asubuhi, amefanya jambo ambalo wadi nyingi zenye wafanyakazi wa kutosha hushindwa kulifanya kila siku.

Tatizo, kwa hiyo, si kama uiandike miaka hiyo bali ni namna ya kuiandika. Usiandike "nilimtunza bibi yangu kwa mapenzi", ingawa ni kweli, kwa maana mapenzi hayo mwajiri hawezi kuyapima. Andika kama ambavyo ungeandika kazi nyingine yoyote, kwa tarehe, mahali na vitendo, kwa mfano hivi: "Januari 2020 hadi Machi 2023, Lamu. Kumuuguza nyumbani mgonjwa mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Nilimgeuza kitandani kila saa 2. Nilimwogesha kitandani kila siku na kumsafisha kinywa. Nilimlisha chakula laini akiwa ameinuliwa kuketi ili asipaliwe. Nilimpa dawa kwa saa zilizoandikwa na hospitali na kumpeleka kliniki. Hakupata kidonda cha kulala kwa muda wote huo." Palipo tofauti na ulivyofanya, parekebishe. Kama usiku mlipokezana na mama, sema mlipokezana, kwa kuwa hilo halikupunguzii kitu, na anayejua kazi hii anajua kwamba hakuna mtu mmoja awezaye kuamka kila saa 2 kwa miaka mitatu. Wala usiandike kwamba ulilipwa. Neno "nyumbani" linatosha kueleza hali ilivyokuwa.

Jina la bibi lisionekane popote katika karatasi hiyo, hata kama familia haina neno, na sababu yake inanileta kwenye jambo lililonisumbua kuliko yote katika nakala uliyoniletea. Ukurasa wa kwanza una picha yako ukiwa na sare, umesimama wadini, unatabasamu. Nyuma yako kuna kitanda, na juu yake mwanamke amelala, uso wake unaonekana wazi kabisa. Mwanangu, mama yule hakuja hospitalini kuwa pambo la ombi la kazi la mtu. Sheria ya Afya ya 2017 inazifanya habari za mgonjwa kuwa siri, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imezihesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa zile zinazotakiwa kulindwa zaidi. Lakini hata kabla ya sheria hizo, sista yeyote aliyeiona picha hiyo alijiuliza swali moja: huyu nikimwajiri, simu yake itapiga picha gani wadini kwangu? Sina shaka kwamba picha hiyo ilikufungia baadhi ya milango 11 uliyobisha. Iondoe katika wasifukazi, ifute na kwenye simu yako, na kama umeituma kwa marafiki, waombe nao waifute. Tangazo lisipodai picha, usiweke yoyote.

Swali lako la pili lina jibu fupi: ni kosa, na neno hilo liondoke leo hii. Katika lugha yetu mtu akisema "nauguza", sote twafahamu kwamba ana mgonjwa nyumbani na hapati nafasi ya kutoka. Kuuguza ni jukumu la kila mwenye wazee. Lakini "muuguzi", likiwa jina la kazi, hapa Kenya lina mipaka iliyowekwa na Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, nalo ni la mtu aliyesomea uuguzi, akatahiniwa, akasajiliwa na Baraza la Wauguzi. Cheti chako ni cha heshima, lakini hakikupi usajili huo. Mwajiri akilitafuta jina lako kwenye sajili ya Baraza asilione, hataamini tena hata yale ya kweli uliyoyaandika chini yake, na ile miaka mitatu ya bibi itaonekana kuwa uongo wa pili. Matangazo huita nafasi hii kwa majina kadhaa, kama vile msaidizi wa wauguzi, msaidizi wa huduma za afya au mlezi wa wagonjwa. Tumia jina lililomo katika tangazo, mradi lisipite kile ulichosomea.

Yale mafunzo ya miezi 3 umeyapa mstari mmoja tu: "nilifanya kazi mbalimbali za wadi". Mstari huo hauna faida kwa yeyote. Wadi ilikuwa na vitanda vingapi? Ulikuwa chini ya nani? Ulipima joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha, na kuziandika wapi? Ulijaza karatasi ya maji yanayoingia na yanayotoka mwilini? Ulitenga taka kwa rangi za mapipa, nyeusi kwa taka za kawaida, manjano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zile za hatari zaidi, na sindano katika kisanduku chake? Kila ulilolifanya kwa mkono wako liandike kwa jina lake. Ulilotazama tu likifanywa, ama sema "nilishuhudia", ama uliache.

Nakuhimiza hivyo kwa sababu kila neno la wasifukazi ni swali la mahojiano linalokungoja. Mimi nilikuwa nikiona "kupima pumzi" katika karatasi ya mwombaji, humwuliza: "Unazihesabuje?" Wengi hunijibu kwamba humwambia mgonjwa apumue kisha wakahesabu. Aliyeifanya kazi hiyo kweli hujibu kwamba hamwambii mgonjwa chochote. Humaliza kuhesabu mapigo, akaendelea kushika kifundo cha mkono kana kwamba bado anahesabu, huku macho yakiwa kifuani mwa mgonjwa, na akahesabu dakika nzima, kwa kuwa mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha. Jibu kama hilo halipatikani saiba. Ukiwa nalo, usiogope kuandika neno linaloliita.

Kuna utajiri mwingine ulioufukia. Chini ya lugha umeandika Kiswahili na Kiingereza tu. Mama yako ni mtu wa Faza, nami naamini Kitikuu, Kiswahili cha watu wa huko, unakisema tangu utotoni. Wagonjwa wanaoletwa Amu kwa mashua kutoka Kizingitini, Faza au Kiwayu, hasa akina mama watu wazima, huweza kuyaeleza maumivu yao kwa Kitikuu kwa namna ambayo Kiswahili cha shule hakiifikii, na nimeona daktari mgeni akiandika "tumbo" mahali ambapo mgonjwa alikuwa akisema jambo jingine kabisa. Andika Kitikuu, andika Kiamu, na kama una Kipokomo, Kiorma, Kisomali au Kiboni hata cha kusalimia na kuuliza "wapi panauma", kitaje kwa kiwango chake cha kweli. Kwa Malindi ongeza Kigiriama ukikijua. Mwombaji wa kutoka mbali anaweza kuwa na vyeti viwili zaidi yako, lakini hilo hatalipata kwa kozi ya wiki mbili.

Kuhusu lugha ya kuandikia, fuata lugha ya tangazo. Katiba ya 2010 imezifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili, lakini matangazo mengi ya kazi hizi hutolewa kwa Kiingereza, na hao wanaoyatoa hutarajia wajibiwe kwa lugha hiyo. Ninachokushauri ni uandike kwanza kwa Kiswahili, ili ujue unachosema, kisha ukitafsiri kwa Kiingereza chepesi unachoweza kukitetea mdomoni. Maneno makubwa ya kukopa hugeuka aibu siku ya mahojiano.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Kurasa 4 zipunguze ziwe 2 au hata 1. Dini, kabila, hali ya ndoa na nambari ya kitambulisho hazina kazi katika wasifukazi. Kama kuna fomu rasmi inayoviuliza, vijaze kule kwenye fomu. Cheti cha huduma ya kwanza kiandikiwe tarehe ya kumalizika muda wake, kwa sababu vyeti vingi vya kuokoa uhai hudumu miaka 2 tu, na kilichokwisha muda humwonyesha mwajiri kwamba huangalii tarehe, tabia isiyofaa kwa mtu atakayeshika dawa. Kama umechanjwa homa ya ini aina ya B dozi zote 3, litaje. Nimeona pia umeambatisha cheti cha maadili mema cha polisi katika kila ombi. Hukuwa na haja. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asimdai mwombaji vyeti vya uidhinisho kabla hajakusudia kumpa mkataba wa maandishi, basi kiweke nyumbani hadi utakapoulizwa.

Warejelewa wako watatu, yaani watu wa kuulizwa habari zako, wote ni ndugu. Wabadilishe. Nenda kwa sista aliyekusimamia wadini, na kwa mwalimu wako wa kozi, ukawaombe idhini ana kwa ana, uwaachie nakala ya wasifukazi mpya ili wakipigiwa simu wawe na la kusema. Kama yuko daktari au muuguzi wa kliniki aliyekuwa akimwona bibi yako, huyo ndiye wa tatu, kwa maana aliuona mgongo wa bibi kwa macho yake.

SWALI: Shikamoo, Mama. Mimi ni kijana wa Muyeye, Malindi. Kwa miaka miwili nilimhudumia nyumbani kwake mzee mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa na sukari na miguu dhaifu. Nilikuwa nikimwogesha, nikimpima sukari na kumtembeza. Mwaka jana watoto wake walikuja wakamrudisha kwao, nami sikupewa karatasi yoyote. Nilichonacho ni namba ya binti yake tu. Sasa nimemaliza cheti cha usaidizi wa wauguzi. Nitaiandikaje kazi ambayo sina ushahidi nayo?

Kijana wa Muyeye, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi uliyoifanya iandike, kwa tarehe na vitendo kama nilivyomweleza dada yako wa Lamu, wala jina la mzee lisitajwe. "Mgonjwa mzee wa kiume, mwenye ugonjwa wa sukari, Malindi" yatosha.

Karatasi nayo unaweza kuipata hata sasa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi kazi inapokoma, isipokuwa kama kazi hiyo haikufika wiki 4 mfululizo. Cheti hicho si barua ya sifa, na mwajiri halazimiki kukusifu. Hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyoifanya na mahali pake, na siku uliyomaliza. Mwandikie yule binti kwa adabu, umjulie hali baba yake kwanza, kisha umwombe hayo na usimwombe zaidi ya hayo. Mwandalie wewe mwenyewe mistari hiyo mitano ili asome, atie sahihi na kuirudisha kwa simu. Watu hukawia kujibu ombi linalowataka watunge barua, lakini ombi la kutia sahihi hulijibu siku hiyo hiyo. Asipojibu, tafuta muuguzi au mfamasia aliyekuwa akifika nyumbani kwa mzee, umwombe akubali kuwa mrejelewa wako.

Jichunge na neno moja. Katika barua yako ndefu, ambayo hapa imefupishwa, umesema "nilimdunga insulini", na mistari michache baadaye ukasema mzee alikuwa akijidunga mwenyewe ukiwa karibu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo la kuandika: ulimpima sukari, ukaandika kipimo katika daftari, ukamsimamia alipojidunga, na ukahakikisha amekula. Jiandae kuulizwa ulifanya nini siku kipimo kilipoonyesha chini ya 4, yaani sukari imeshuka mno. Tena Kiitaliano ulichojifunza kwa mzee huyo usikisahau, kwa maana Malindi wazee wa lugha hiyo bado wapo na wanaugua kama wengine. Na litaje wazi kwamba umezoea kuwaogesha wagonjwa wa kiume. Wanaume katika kozi hizi ni wachache, na wazee wetu wengi huona haya kuogeshwa na binti wa umri wa mjukuu wao.

SWALI: Bi Mshauri, nilipata D katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2016, na nina cheti cha usaidizi wa wauguzi nilichokipata miaka mitano baadaye kwa alama nzuri. Je, niifiche ile D?

Mama wa watoto wawili, Mpeketoni

JIBU: Usiifiche na usiitangulize. Tangazo likitaja alama ya chini inayohitajika katika KCSE, iandike yako kama ilivyo, na kama haifiki hapo, hiyo nafasi iache uombe nyingine. Tangazo lisipotaja alama, andika jina la shule na mwaka 2016, basi. Anza sehemu ya elimu kwa cheti cha usaidizi, chuo chake, mwaka na alama uliyoipata, kisha sekondari ifuate chini yake. KCPE, ule mtihani wa shule ya msingi, haina haja ya kuonekana tena.